Kadi ya Bhoke

Jumatatu, 4 Juni 1956

Insha za darasa la nne, thelathini na mbili. Mada: Kazi za nyumbani. Kumi na mmoja wameandika "nilikwendaga". Penseli yangu nyekundu imebaki kipande cha urefu wa kidole gumba, na muhula haujaisha. Niliomba nyingine kwa Mwalimu Mkuu tangu Pasaka. Anasema imeagizwa. Chaki nayo imeagizwa. Mabati yameagizwa, na mvua inanyeshea darasa la pili.

Watu wanavuna ulezi. Rhobi kashinda shambani. Jioni kaniuliza tena kama picha ya Bhoke imefika. Mara ya ngapi, sijui. Mzungu aliyempiga picha mtoto alipita hapa Gorong'a mwezi wa pili, wiki mbili baada ya mazishi ya Mama. Aliandika jina langu na la shule kwenye kijitabu chake, akasema atatuma picha kwa posta. Huu ni mwezi wa sita. Nimemjibu mke wangu kwamba mimi si posta. Kaendelea kupepeta.

Nimejuta, lakini sikusema. Bhoke ana miaka sita na ndiye mtoto wetu pekee. Hatuna picha yake hata moja.

Jumatano, 6 Juni

Mwalimu Wambura amerudi kutoka Ikoma, alikokwenda kumwona kaka yake. Kaka mtu ni mpishi kwenye kambi ya wageni, wale wanaokuja kutazama simba. Kanivuta nyuma ya choo cha walimu kama ana siri ya serikali.

"Mwalimu Marwa, nimemwona Bhoke."

Nikamwambia Bhoke yuko nyumbani, ametoka kula viazi. Akasema hapana, yuko Ikoma, ndani ya kopo la bati. Wambura ana tabia ya kuongeza chumvi, kwa hiyo nikamwacha amalize. Kumbe kuna kopo mezani pale kambini limejaa kadi za picha. Twiga, mlima, mzee na mkuki. Na Bhoke. Wageni huchagua, hununua, hubandika stempu, hupeleka kwao.

Nimemwambia watoto wote hufanana. Akanitajia jino lililovunjika pembeni. Akanitajia gauni lenye kiraka begani, kiraka alichoshona Rhobi kwa kitambaa cha pazia.

Nikaingia darasani nikafundisha ramani. Sikumbuki nilifundisha nchi gani.

Alhamisi, 7 Juni

Nimeirudia siku ile ya picha kichwani tangu asubuhi.

Ilikuwa Jumamosi. Landrova ilisimama kwa sababu ya tope, si kwa sababu yetu. Mzungu akashuka, mrefu, shingo nyekundu, kamera kifuani. Bhoke alikuwa amekaa kwenye gogo mbele ya nyumba, amepakata kibuyu cha maziwa. Yule bwana akanijia akasema, "Mimi nataka kuchukua mtoto wako."

Nilicheka. Nikamweleza, taratibu, kwamba hapo amesema anataka kwenda naye. Sema, "Naomba kumpiga picha mtoto wako." Nikamrudisha mara tatu hadi akaipata. Alifurahi. Mimi nilifurahi kuliko yeye. Mzungu mzima amesimama kwenye uwanja wangu anarudia sentensi kama mtoto wa darasa la kwanza, na majirani wanatazama. Akauliza maswali mengine mawili matatu, nikasahihisha, nikajibu. Kisha akampiga picha mwanangu, akaondoka.

Sikumuuliza anakaa wapi. Sikumuuliza picha inakwenda wapi. Nilimuuliza ngeli.

Jumamosi, 9 Juni

Nimemwambia Rhobi. Bora aisikie kwangu kuliko kisimani.

Hakupiga kelele. Heri angepiga. Kauliza ni wageni wa wapi wanaonunua. Nikasema sijui, wa kila mahali. Kauliza wanazipeleka kwa nani. Sijui. Wakimaliza kuzitazama wanazitupa au wanaziweka? Sijui. Mke wangu hajasoma zaidi ya darasa la pili, na leo kanifanyia mtihani ambao sikujibu swali hata moja.

Mwisho akasema, "Baba Bhoke, saa hii mtoto wangu yuko mkononi mwa nani?"

Nina hasira na yule bwana, nina hasira na Wambura kwa kuleta habari, nina hasira na Rhobi kwa kuuliza vizuri hivyo.

Jumatatu, 11 Juni

Wambura ni debe. Habari imezunguka kijiji chote. Leo wazazi watatu wamekuja shuleni kuuliza kama walimu tunauza picha za watoto. Mmoja kamwondoa mwanawe darasa la kwanza hadi "mambo yaeleweke". Wengine wanasema ni mumiani, kwamba watu wa damu huanza na picha ili wajue mtoto gani amenona. Bhoke hajanona. Nimechoka kueleza watu wazima kitu ambacho mimi mwenyewe sikielewi.

Mwalimu Mkuu kaniita ofisini. Anasema nimeitia shule aibu. Nikamuuliza habari ya penseli. Hakupenda.

Jioni kaja Shangazi Nyangi, dada yake marehemu baba, na fimbo yake. Nimemwamkia shikamoo, hakuitikia. Hoja yake ni moja. Wakati ule nyumba nzima tulikuwa tumenyolewa kwa ajili ya msiba wa Mama. Sisi nywele zimeota. Mtoto aliye kwenye kadi hazioti. "Sisi tumetoka msibani," akasema, "yeye umemwacha humo peke yake." Mimi ni Mkristo na ni mwalimu. Nilitaka kumjibu. Nilipomtazama Rhobi nikaona anaitikia kwa kichwa.

Alhamisi, 14 Juni

Nimekwenda Tarime kwa lori la mahindi, ruhusa ya siku moja, ya kunung'unikiwa. Bomani nimesubiri tangu asubuhi hadi saa nane kwenye benchi. Karani kijana, suruali imenyooshwa kama rula. Mazungumzo yetu nayaandika yote kwa sababu ni mafupi.

"Alikuibia?" Hapana. "Uliruhusu?" Niliruhusu. "Mtoto alipigwa?" Alipigwa picha. Akacheka. Kalamu ikamdondoka kwa kucheka.

Kasema hakuna shauri hapo. Picha ni mali ya mwenye kamera. Nikamuuliza, na uso? Uso ni mali ya nani? Kasema nirudi wiki ijayo nimuulize mkubwa wake, lakini mkubwa wake yuko likizo.

Nikapita mtaa wa Nkende kwa fundi wa picha, yule anayejifunika kitambaa cheusi. Nilitaka kujua kadi ziko ngapi duniani. Kanionyesha kipande cha kioo, watu ndani yake nyuso nyeupe, meno meusi, kila kitu kimegeuka. Anakiita mama. "Hii ndiyo mama, mwalimu. Karatasi ni watoto wake. Ukiwa na mama, unazaa mpaka uchoke." Na mama wa picha ya Bhoke yuko wapi? Kacheka naye. "Si kwa huyo Mzungu."

Leo wamenicheka watu wawili. Nimerudi juu ya magunia.

Jumapili, 17 Juni

Kanisani watu wanamtazama Bhoke kama mgonjwa aliyeambiwa hatapona. Kaniuliza kama ana kitu usoni. Nikamfuta uso kwa leso ingawa hapakuwa na kitu.

Jumatano, 20 Juni

Niandike kwa mpango.

Saa nne, kipindi cha hesabu, gari limeingia uwanjani. Mzungu mume, Mzungu mke, na dereva wa kutoka ng'ambo ya mpaka wa Sirari. Watu wa umri wangu, wapole, wamechoka na vumbi. Mama yule ana kadi mkononi. Dereva ndiye msemaji.

"Mwalimu, hii mutoto iko wapi? Hawa wanatafuta yeye kutoka jana."

Ndivyo nilivyoiona kwa mara ya kwanza. Picha ni nzuri. Hilo liliniudhi kuliko yote. Bhoke anatazama moja kwa moja, kichwa kinang'aa, kibuyu kifuani, kiraka begani. Chini yake kuna maandishi. Wambura hajui Kiingereza, ndiyo maana hakuniambia. Mimi Kiingereza changu ni cha vitabu lakini kinatosha. Imeandikwa: Yatima wa Kimasai, Goronga, karibu na mto Mara.

Nimesoma mara mbili. Mmasai! Babu yangu angefufuka. Lakini lililoniuma ni neno lile jingine, yatima.

Dereva akaendelea. Wale watu waliinunua Ikoma. Yule mama hakuweza kulala kwa kumfikiria mtoto. Kuna nyumba ya mayatima wanayoijua upande wa Kenya, watoto wanalala vitandani, wanapata maziwa. Gari lina nafasi. Wameleta gauni. Wameleta na mwanasesere mwenye macho yanayofumba. Wanauliza nani anamtunza mtoto, ni chifu au ni misheni, ili wazungumze naye.

Gari lina nafasi!

Nikamtuma mwanafunzi mmoja amwite Rhobi shambani. Rhobi kaja mbio, mikono ina udongo, Bhoke kamfuata nyuma. Yule mama wa Kizungu alipomwona mtoto akafunika mdomo, akapiga magoti papo hapo kwenye vumbi, akafungua mikono. Bhoke akaenda kujificha nyuma ya kanga ya mama yake.

Dereva akamwambia Rhobi, "Wanasema mama ya huyu mutoto hapana iko, alikufa."

Rhobi akamtazama yeye, akanitazama mimi, akawatazama wale. "Waambie ndiye mimi niliyekufa."

Dereva hakutafsiri. Nadhani hapakuwa na haja. Rhobi akamwinamia Bhoke, akambeba mgongoni, mtoto wa miaka sita, miguu inaning'inia mpaka magotini, akaenda zake bila kwaheri. Yule mama akalia. Mume wake akanipa mkono, akasema samahani kwa Kiingereza, mara nyingi. Ni watu wema. Nataka kuwachukia na siwezi, na hilo nalo limenichosha.

Nikaomba kadi. Dereva akauliza. Akarudi na jibu. "Anasema hii ni yake, anaipenda sana." Ikaingia kwenye mkoba, mkoba ukafungwa. Nikabaki nimesimama na gauni walilomletea Bhoke mkononi.

Alhamisi iliyopita nilikuwa Tarime siku nzima. Je, wangekuja siku ile? Wambura angewapokea. Wambura angewaonyesha njia ya nyumbani.

Alhamisi, 21 Juni

Nimejua lilikotoka neno lile. Limenijia ubaoni, chaki mkononi. Nikaacha sentensi katikati.

Yule bwana wa kamera aliuliza, "Kwa nini kichwa yake hapana nywele?" Nikamsahihisha: kichwa chake hakina nywele. Akarudia vizuri. Ndipo nikamjibu kwa Kiswahili safi, cha kumfaa mgeni anayejifunza.

"Tumefiwa na mama."

Mama yangu. Nani hapa asingeelewa? Katika boma letu kulikuwa na Mama mmoja. Mimi nilimwita Mama, Rhobi alimwita Mama, Bhoke alimwita Mama, majirani walimwita Mama. Angeniuliza Mkurya yeyote, hata mlevi, angejua nimefiwa na nani. Yeye alimtazama mtoto mwenye kipara, akasikia mama, akaandika.

Sentensi ile haina kosa la sarufi hata moja. Nimeichambua tangu asubuhi. Kitenzi sawa, wakati sawa. Kwa sentensi hiyo nimemuua mke wangu na kumfanya mwanangu yatima mbele ya dunia nzima.

Umasai sijui kautoa wapi. Huo sio wangu.

Rhobi sijamwambia.

Jumatatu, 25 Juni

Rhobi hamruhusu Bhoke kutoka nje ya ua. Anakwenda naye shambani, anakwenda naye kisimani. Wanafunzi wanapita uani wanaita, "Yatima! Mmasai!" Nimelikamata darasa zima la nne nikawaadhibu waandike mara hamsini: Bhoke ana mama. Nimekusanya madaftari. Wanne wameandika "Bhoke anaga mama".

Nimesahihisha. Nifanye nini? Penseli sasa naishika kwa kucha.

Ijumaa, 29 Juni

Shule imefungwa. Kesho nakwenda Ikoma kwa baiskeli, na Wambura, kwa sababu kaka yake ndiye mlango wetu kule. Wambura anajitahidi kuwa mtu mwema tangu lile gari lije. Kapaka mnyororo wa baiskeli yangu mafuta bila kuombwa.

Rhobi naye anakwenda. Sikumwita. Kaniambia huku anafunga ulezi kwenye kitambaa, "Nataka wanione niko hai." Bhoke atabaki na Shangazi Nyangi. Shangazi kaweka kigoda chake mlangoni tangu leo, na fimbo juu ya mapaja.

Jumapili, 1 Julai

Tumevuka mto Mara jana, maji ya magoti, baiskeli begani. Upande wa pili tulipokaa kukausha miguu nikamwambia Rhobi habari ya sentensi. Wambura akajifanya anatafuta kuni.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Hukusema 'mama yangu'?" Nikasema hapana, nilisema mama. Akasimama, akajifunga kanga, akaanza kutembea. Nikampakia mzigo kwenye baiskeli, kiti cha nyuma kikabaki wazi. Kilima cha kwanza katembea. Kilima cha pili katembea. Nimesukuma baiskeli nyuma yake, jua la utosini, na nilistahili.

Kilima cha tatu kasimama, kaniambia bila kugeuka, "Yeye angecheka." Anamaanisha Mama. Ni kweli. Mama angecheka mpaka akae chini. Kisha Rhobi akapanda nyuma.

Tumelala kwa jamaa za Wambura. Naandika hapa juu ya gunia la viazi wakati wanakoka moto wa chai.

Jumanne, 3 Julai

Ikoma. Vumbi la nyumbu mpaka kwenye meno.

Bwana wa kambi ni Mzungu mnene mwenye Kiswahili kizuri, sikupata cha kusahihisha. Nikamweleza yote. Rhobi kasimama kando yangu kama shahidi, kavaa kanga yake ya kanisani, hakukaa hata alipopewa kiti. Yule bwana alisikiliza. Akasema pole. Akasema kadi si zake, ni za mpiga picha, naye amerudi kwao Ulaya, yeye anamuuzia tu. Hawezi kugawa mali ya mtu. Nikitaka, ninunue kama wageni wengine.

Ninunue uso wa mwanangu!

Akaenda kula. Kaka yake Wambura, mpishi, akatoka jikoni akijifuta mikono, akaweka kopo mbele yetu, akarudi kwenye sufuria zake. Bhoke walibaki wanne. Rhobi akawapanga mezani mmoja mmoja. Hakuwa ameiona kadi kwa karibu, siku ile ilikuwa mkononi mwa yule mama wa Kizungu. Alimtazama mtoto muda mrefu, kisha akagusa kile kiraka kwa kidole.

Sikupanga nilichofanya. Naapa. Nilichomoa penseli mfukoni kama ninavyoichomoa kila siku ya Mungu. Nikakata neno Yatima. Nikakata Kimasai. Juu yake nikaandika, kwa Kiingereza, herufi za kusomeka: Bhoke, binti wa Marwa na Rhobi, Mkurya. Baba na mama wako hai. Kichwa kimenyolewa kwa msiba wa bibi yake. Pembeni nikaweka mkasi, ile alama ya kosa. Goronga nikaongeza ng'. Kadi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne penseli ilikwisha kwenye neno "hai". Nikamalizia kwa kukwaruza na mbao ya penseli.

Bwana wa kambi alikuwa amesimama nyuma yangu. Sijui tangu lini. Nikangoja polisi. Wambura alishafika mlangoni.

Akaokota kadi moja. Akasoma. Akasoma ya pili, ingawa ni maneno yale yale. Akamtazama Rhobi, na safari hii alimtazama kweli. Akasema hizi sasa zimeharibika, hakuna mgeni atakayenunua kadi yenye wino mwekundu. Nilitaka kumwambia si wino, ni penseli. Nikajizuia.

Akazikusanya, akanisukumia. "Haya, mwalimu. Chukua mtoto wako."

Neno lile lile la yule bwana wa kamera, na leo liko mahali pake. Sikusahihisha.

Nyingine zote zilizouzwa, sijui ziko mikononi mwa nani, wala bwana wa kambi hajui. Kanipa anwani ya mpiga picha, imo nyuma ya kila kadi. Nitamwandikia kuhusu kile kioo, yule mama wa picha. Najua hatajibu.

Alhamisi, 5 Julai

Tumefika. Shangazi Nyangi alikuwa pale pale kwenye kigoda. Anataka kadi zichomwe leo leo, ili mtoto atoke msibani. Nikaona ni sawa. Rhobi kazishika juu ya moto wa kupikia, kazishika mpaka vidole vikaanza kuungua, kazirudisha kifuani. "Siwezi kumtia motoni," kasema. Shangazi kaondoka kwa hasira, kasahau fimbo.

Barua ya Ulaya nimeiandika mara tatu. Ya kwanza ilikuwa matusi. Ya pili ilikuwa ya kuomba. Ya tatu ina mistari minne. Nimeituma hiyo.

Jumapili, 22 Julai

Mvua hakuna. Ulezi wote umeingia ghalani. Posta hakuna kitu.

Mchana, baada ya kanisa, Bhoke kazikuta kadi ndani ya Biblia ya mama yake. Kaja na moja kwangu mkekani. Kauliza huyu ni nani. Nilisahau kwamba hajawahi kujiona. Nikamwambia ni yeye, wakati ule wa kunyolewa. Hakuamini. Kashika nywele zake, katazama tena. Ulimi ukaenda kwenye jino lililovunjika. Hapo ndipo alipoamini.

Kauliza maandishi mekundu yanasema nini. Nikamsomea kwa Kiswahili. Kasema na yeye anataka kuandika. Penseli nyekundu haipo, hiyo iliyoagizwa haijaja, nikampa kaa la moto lililopoa. Kageuza kadi, kalala kifudifudi, kaandika nyuma yake, ulimi nje, juu kabisa ya ile anwani. Ameanza kujua herufi kwa kusimama dirishani pa darasa la kwanza. Imemchukua muda mrefu. Rhobi aliacha kupepeta akaja kutazama.

BOKE MAMA IKO.

Herufi E imetazama nyuma. H haipo. Na "iko" kaitoa kwa yule dereva.

Rhobi kaniuliza imeandikwa nini. Nikamsomea ilivyo. Nikairudisha kadi ndani ya Biblia.